Sahani za Jazz: Amana au Bidhaa?

Tarehe 23 Juni 1957, katika mji wa Hackensack, jimbo la New Jersey nchini Marekani, vijana sita Weusi waliingia katika sebule ya nyumba ya wazazi wa Rudy Van Gelder wakapiga muziki, na fundi huyo akaunasa katika kanda. Kiongozi wao alikuwa mpuliza saksafoni Hank Mobley. Kampuni ya Blue Note iliutoa muziki huo katika sahani ya santuri yenye nambari 1568, ikauzwa kwa bei ya kawaida ya sahani za siku hizo, wala nakala zake hazikuwa nyingi. Leo nakala ya toleo lile la kwanza, ikiwa haina mikwaruzo, hununuliwa kwa maelfu ya dola. Mobley mwenyewe alifariki mwaka 1986 baada ya miaka ya maradhi na dhiki, na zilikuwapo nyakati ambapo alikosa hata pa kulala.

Jambo hili peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye msimamo wa kutetea wanyonge aitazame kazi ya kukusanya sahani za jazz kwa jicho la shaka. Mbona tusiseme kwamba ni mchezo wa matajiri, unyonyaji ule ule uliovaa kanzu nyingine, ambapo jasho la mfanyakazi humtajirisha kila mtu isipokuwa mfanyakazi? Lawama hiyo ina haki yake, na safu hii haikusudii kuifuta. Walakini yapo mengine ya kusema. Bila ya watu waliozikusanya sahani hizo, wakazitunza na kuzichungua, sehemu kubwa ya historia ya muziki ulioasisiwa na wajukuu wa watumwa wa Kiafrika ingekuwa imepotea, na majina ya walioupiga yangekuwa yamefutika kabisa. Swali basi si kama ni halali kukusanya. Swali ni mtu anakusanya nini, na kwa ajili ya nani.

Kwanza tuondoe utata wa neno. Kwetu sisi, mtu akitaja jazz, wazee hukumbuka Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz, yaani bendi za muziki wa dansi ambazo magitaa yake yalifuata zaidi rumba ya Cuba na ya Kongo. Bendi hizo ziliazima jina, na ziliazima kwa heshima, lakini jazz inayozungumzwa hapa ni ile iliyozaliwa New Orleans na kukua Chicago, Kansas City na New York.

Jazz ni muziki wa ajabu katika jambo moja: haukai katika karatasi. Nyimbo za wanamuziki wa Ulaya wa zamani ziliandikwa kwa alama, na leo bendi yoyote inaweza kuzifufua. Mwana jazz hubuni papo hapo; alichokipiga jana hakirudii leo, na akishaweka chini tarumbeta yake kimekwisha. Kwa hiyo sahani ya jazz si kivuli cha kazi iliyoandikwa mahali pengine. Sahani ndiyo kazi yenyewe. Ikipotea, hakuna pa kuifuata.

Na tangu mwanzo sahani hizo zilitolewa kwa dharau. Sahani ya kwanza iliyotangazwa kuwa ya jazz ilirekodiwa New York mwezi wa Februari 1917, na waliopewa nafasi hiyo walikuwa Wazungu watano, bendi ya Original Dixieland, ilhali mabingwa Weusi wa mji walikotoka hawakuguswa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1923 ndipo bendi ya King Oliver, ndani yake kijana Louis Armstrong, iliporekodi katika kampuni ndogo ya Gennett huko Richmond, jimbo la Indiana. Sahani za wakati huo zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaovunjika kama kigae, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba muziki wa kama dakika tatu tu. Sahani za watu Weusi ziliorodheshwa katika katalogi za peke yake, kana kwamba sikio nalo lina rangi. Kwenye lebo liliandikwa jina la wimbo na la bendi, au la kiongozi. Waliobaki walikuwa vibarua wasio na majina.

Hapa ndipo wakusanyaji walipoingia, na hapa msomaji aliyepitia chuoni ataelewa haraka. Tulipokuwa tukisomeshwa habari za hadithi za Mtume tulielezwa kwamba matini peke yake haitoshi, sharti iwe na isnadi: nani kaisikia kwa nani, na huyo naye kaipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, wanazuoni huiita hadithi hiyo dhaifu. Wakusanyaji wa mwanzo wa jazz, wengi wao vijana maskini au wanafunzi, walifanya kazi ya namna hiyo. Walikaa mbele ya gramafoni wakabishana: hiyo kweli ni tarumbeta ya Armstrong, au ya mwingine anayemwiga? Siku hiyo ngoma alipiga nani? Ilikuwa mwezi gani, mji gani? Waliwatafuta wanamuziki wazee wakawauliza, wakalinganisha nambari zilizochongwa karibu na katikati ya sahani. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alichapisha mjini Paris kitabu kilichokusanya majibu ya maswali hayo, sahani kwa sahani, kwa majina ya wapigaji na tarehe. Hiyo ndiyo ilikuwa isnadi ya jazz, na yafaa ikumbukwe kwamba haikuandikwa na kampuni yoyote kati ya zile zilizochuma faida.

Mjini New York, Milt Gabler, mwenye duka la sahani lililoitwa Commodore, alianza kuzitoa upya sahani za zamani na kuchapa kwenye lebo majina ya wapigaji wote, jambo ambalo halikuwa desturi kabla yake. Mtu aliyezoea kuona haki za wafanyakazi zikidaiwa kwa maandamano anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, lakini sivyo. Mwanamuziki aliyetajwa kwa jina anaweza kutafutwa, kualikwa, kulipwa. Ni Gabler huyo huyo ambaye mwezi wa Aprili 1939 alimrekodia Billie Holiday wimbo wa Strange Fruit, unaohusu watu Weusi walionyongwa mitini huko kusini, baada ya kampuni kubwa ya Columbia iliyokuwa na mkataba na mwimbaji huyo kukataa kuugusa.

Yapo pia mambo ambayo hata mkusanyaji hodari kuliko wote hatayapata kamwe, na sababu yake ni ya kisiasa. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wafanyakazi wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwaamuru wanachama wake wasiingie studio. Hoja yao ilikuwa nzito: sahani na mashine za kupigia sahani mabaa zilikuwa zinawanyima kazi wale wale waliozirekodi, yaani mfanyakazi alikuwa ananyang'anywa mkate kwa sauti yake mwenyewe. Mgomo ulidumu zaidi ya miaka miwili kwa kampuni kubwa. Decca ilisalimu amri mwaka 1943, Columbia na RCA Victor mwezi wa Novemba 1944, na mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wasio na ajira ukaanzishwa kwa malipo ya kampuni hizo. Ulikuwa ushindi wa wafanyakazi. Lakini katika miaka hiyo hiyo, katika vilabu vya Harlem, Charlie Parker na Dizzy Gillespie na wenzao walikuwa wanaubadilisha muziki mzima, na mabadiliko hayo hayakunaswa ila kwa vipande vichache. Hatuwalaumu waliogoma. Tunasema tu kwamba rafu za wakusanyaji zina pengo mahali hapo, na ni vyema mwenye rafu ajue lilitoka wapi.

Sahani ndefu, ile LP ya vinaili inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ilitolewa na Columbia mwezi wa Juni 1948. Sasa upande mmoja uliweza kubeba dakika ishirini na zaidi. Wanamuziki walipata nafasi ya kupumua, kubuni kwa marefu na mapana kama walivyofanya usiku mbele ya watu. Kikaja na kitu kingine ambacho wakusanyaji hawachoki kukisifu: jalada la inchi kumi na mbili, mbele picha, nyuma maelezo. Nyuma ya jalada mtu alisoma nani kapiga chombo gani, nani katunga, wapi, lini. Kwa mwanafunzi asiyeweza kusafiri, jalada hilo lilikuwa darasa.

Katika majalada hayo nyaraka za Blue Note zina sifa ya pekee. Kampuni hiyo iliasisiwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, Myahudi wa Berlin, akaungana naye rafiki yake Francis Wolff aliyeukimbia utawala wa Hitler. Wolff alipiga picha studioni, na picha zake za wanamuziki wakiwa kazini, jasho usoni, moshi wa sigara ukipanda, ni miongoni mwa picha bora kabisa za mfanyakazi Mweusi wa karne ile. Kampuni hiyo iliwalipa wanamuziki hata siku za mazoezi, jambo ambalo washindani wake waliliona ni kupoteza fedha. Fundi wao Van Gelder mchana alikuwa mpimaji wa macho. Kazi ya kurekodi aliifanya baada ya hapo, mpaka mwaka 1959 alipojenga studio yake katika mji jirani wa Englewood Cliffs. Herufi za jina lake, RVG, zilizochongwa katika ukingo wa ndani wa sahani, leo hutafutwa na wanunuzi kwa tochi na kioo cha kukuzia.

Msomaji Mwislamu ataona jambo jingine katika majina hayo. Yusef Lateef, Sahib Shihab, Idrees Sulieman, Ahmad Jamal: hao wote ni Wamarekani Weusi. Curtis Porter, mmoja wa wale sita wa Hackensack, alijulikana pia kwa jina la Shafi Hadi. Mpiga ngoma Art Blakey alijiita Abdullah Ibn Buhaina, na wenzake wakamfupishia wakawa wanamwita Bu. Mpiga piano McCoy Tyner alikuwa na jina la Sulaimon Saud. Wengi wao waliingia dini kwa mlango wa Ahmadiyya, ambao masheikh wetu wengi wana maneno nao, lakini huo ni mjadala wa mahali pengine. Linalotuhusu ni kwamba watu hawa, katika nchi ambayo jina la ukoo lilikuwa mara nyingi jina la bwana aliyemmiliki babu, walijichagulia majina. Nayo mara nyingine yalichapwa kwenye jalada, mara nyingine yakaachwa likawekwa lile la zamani kwa sababu ndilo lililouza.

Sasa tuje kwenye mzozo ambao wapenzi wa jazz hawaumalizi: ipi bora, sahani ya vinaili au CD?

CD, iliyobuniwa na Sony pamoja na Philips, iliingia sokoni mwaka 1982. Ni kisahani cha sentimita 12, husomwa kwa mwanga badala ya sindano, hakichakai kwa kupigwa, na hubeba zaidi ya dakika sabini za muziki. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu walizitupa sahani zao kwa marobota wakanunua muziki ule ule kwa mara ya pili, na kampuni zikachuma kwa mara ya pili. Kisha gurudumu likazunguka. Mwaka 2022, nchini Marekani, ziliuzwa sahani za vinaili kama milioni 41 na CD kama milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa vinaili kuishinda CD kwa idadi. Wanunuzi wanasema sauti ya vinaili ina joto, ina mwili. Huenda. Lakini wapo wanaodai kwamba toleo la kwanza la vinaili ndilo ukweli mtupu, na kila kilichofuata ni nakala iliyochuja. Hao tuna jambo la kuwaonyesha.

Albamu ya jazz inayojulikana kuliko zote ni Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 mjini New York, jengo lililokuwa kanisa. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilizunguka polepole kuliko ilivyopasa. Kanda yake ilipopigwa katika mashine iliyo sawa ikaenda mbio kidogo, na nyimbo tatu za upande wa kwanza zikapanda juu ya sauti zilizopigwa kweli. Kwa zaidi ya miaka thelathini dunia nzima ilisikiliza upande huo ukiwa umepotoka. Vijana waliojifunza kwa kupiga saksafoni sambamba na sahani hiyo walihangaika kuoanisha vyombo vyao. Mpaka mwaka 1992 ndipo watoaji walipoirudia kanda ya akiba, iliyonaswa wakati ule ule kwa mashine nyingine iliyokuwa sahihi, wakatoa CD yenye sauti iliyonyooka. Na si hilo tu: katika nakala za mwanzo kabisa majina ya nyimbo mbili za upande wa pili yalibadilishana nafasi, na jina la Cannonball Adderley likakosewa tahajia kwenye jalada. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi kwa toleo la kwanza la albamu hiyo analipia kitu adimu, hilo hatulikatai. Lakini isnadi yake ni dhaifu, na iliyo sahihi inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

Tumeitaja albamu hiyo, basi tuisikilize kidogo, maana maneno mengi kuhusu sahani huwasahaulisha watu masikio. Wimbo wa kwanza, So What, huanza kwa piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers wakinong'onezana, kama watu wawili wanaoingia msikitini alfajiri na hawataki kumwamsha aliyelala. Kisha besi inasema sentensi yake, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili tu. Besi inasema tena, wanaitikia. Yeyote aliyekulia karibu na ngoma, au maulidi, au jando, anaijua desturi hiyo ya mwimbishaji na waitikiaji, haihitaji mkalimani. Halafu Jimmy Cobb anagonga tasa moja, inalia kwa muda mrefu, na Miles anaingia na tarumbeta yake, maneno machache, nafasi nyingi. Anayemfuata ni John Coltrane, naye ni kinyume chake, anamwaga noti kama mtu aliyekabidhiwa ujumbe mrefu na muda mfupi. Wa tatu ni Adderley, mcheshi, mwenye damu ya uchangamfu. Msikilizaji asiyeambiwa majina atafurahi. Msikilizaji anayeyajua atasikia watu watatu wanavyojibizana, na akiisikiliza mara kumi ataanza kumtambua Coltrane kwa sauti ya kwanza, kama tunavyomtambua ndugu kwa kikohozi chake nje ya mlango.

Ndiyo maana hasara kubwa haipo katika kuhama kutoka vinaili kwenda CD. CD nzuri ina kijitabu, na kijitabu kina majina. Kasoro yake ni maandishi madogo yanayomtesa mwenye miaka arobaini na ushei. Hasara ipo katika usikilizaji wa leo wa simu na intaneti, ambapo wimbo huja peke yake kama yatima, una jina la kiongozi na picha ndogo, na mpiga besi amerudi kuwa kibarua asiye na jina kama alivyokuwa mwaka 1923. Ipo vilevile katika maboksi ya bei rahisi yanayotolewa Ulaya, ambako rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 zimekwisha muda wa kulindwa na sheria, hivyo mfanyabiashara yeyote huweza kubandika albamu nane katika CD nne, bila maelezo, bila tarehe, bila kumlipa yeyote kwa rekodi hizo.

Wala tusidhani kwamba kampuni kubwa ni watunzaji wa kuaminika kuliko hao. Tarehe 6 Machi 1963 Coltrane na wenzake watatu walirekodi albamu nzima katika studio ya Van Gelder. Haikutolewa. Miaka ya 1970 ilipoanza, kampuni yake ya Impulse ilitaka kupunguza gharama za ghala, na kanda kuu ya kazi hiyo ikateketezwa pamoja na nyingine. Muziki huo ulisikika mwaka 2018, miaka 55 baadaye, kwa sababu tu Coltrane alikuwa amechukua kanda ya kusikilizia nyumbani, na familia ya mke wake wa kwanza, Naima, ikaitunza. Mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani ilikutwa kanda ya Thelonious Monk na Coltrane wakipiga katika ukumbi wa Carnegie tarehe 29 Novemba 1957, iliyorekodiwa kwa ajili ya Sauti ya Amerika na kukaa miongo kadhaa bila mtu kuitambua. Ghala la kampuni lilichoma. Nyumba ya mwanamke na rafu ya maktaba ya umma ziliokoa. Kila mmoja na apime.

Kuhusu namna ya kusikiliza, mfano bora tunaoujua haukutoka Marekani bali Japani. Huko, kabla ya vita na baada yake, sahani kutoka ng'ambo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Wakaanzisha mikahawa ya jazz. Mwenye mkahawa alinunua sahani na mashine nzuri. Mteja alilipia kikombe kimoja cha kahawa, akakaa kimya, akasikiliza saa nzima. Mmojawapo, Chigusa wa mjini Yokohama, ulifunguliwa mwaka 1933, ukateketea kwa mabomu mwaka 1945, ukajengwa tena. Mpiga piano Toshiko Akiyoshi alikuwa akienda hapo kuchukua somo kutoka katika sahani, kabla ya kwenda Marekani na kuwa kiongozi wa bendi kubwa yenye sifa. Sahani moja, masikio arobaini! Hilo sisi tuliohubiri ujamaa tunapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Mkusanyaji wa namna hii hana haja ya kuomba radhi kwa mtu. Ni yule anayefunga sahani katika nailoni, asiiguse na sindano isije ikashuka bei, ndiye anayestahili kuulizwa maswali. Maana amenunua sauti akaifanya bubu.

Kwa wakaao pwani, neno la haraka: sahani zisimame wima, zisilazwe, jua la dirishani huzipinda kwa siku moja, na unyevu wa masika huota ukungu kwenye majalada kabla ya kufika kwenye vinaili. CD nazo haziogopi ukungu sana, lakini mchanga huzichubua.

Tumeacha kwa makusudi mpaka hapa albamu ambayo kila Mswahili anayetaka kuanza kukusanya angefanya vyema kuanza nayo. Inaitwa Uhuru Afrika. Ni ya mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2018. Ilirekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala, Tanganyika ikiwa bado. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Mpangaji wa muziki alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpuliza tromboni, aliyeandika sehemu za bendi ya watu zaidi ya ishirini katika zama ambazo wanawake studioni walihesabiwa kuwa waimbaji tu. Ngoma zilipigwa na Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido na Armando Peraza wa Cuba, wakiwa pamoja na Max Roach wa Marekani, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amerekodi albamu yake mwenyewe ya kudai uhuru, ndani yake kilio cha Johannesburg baada ya mauaji ya Sharpeville. Yusef Lateef na Sahib Shihab nao wamo.

Weston alitaka albamu ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, kinyume cha picha za sinema zilizomwonyesha Mwafrika akibwabwaja maneno yasiyo na maana. Akaichagua Kiswahili. Sehemu ya kwanza akaiita Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues. Maneno ya Hughes yalifasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa na Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, Tuntemeke Sanga. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ilipiga marufuku sahani hiyo isiingie Afrika Kusini. Kampuni iliyoitoa, Roulette, ilikuwa ya Morris Levy, mtu aliyezoea kuweka jina lake kwenye nyimbo ambazo hakuzitunga, na ambaye mwaka 1988 alitiwa hatiani na mahakama kwa kula njama ya kutoza watu mali kwa vitisho. Yaani sauti iliyodai uhuru wa Afrika ilipita katika mikono ya mnyang'anyi kabla ya kutufikia.

Toleo la kwanza ni ghali na gumu kupatikana. Albamu yote imekwisha kutolewa kwa CD zaidi ya mara moja, ikiwemo katika mkusanyiko wa kazi za Weston uliotolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 2003. Atakayeipata aangalie orodha ya majina kabla ya kuipiga, aone kama Sanga ametajwa na kwa kazi ipi. Kisha aiwashe, amsikilize anavyotamka.